Nafasi Kumi na Moja

Tangazo nililiandika mara tisa.
Mara ya kwanza niliandika ukweli,
mkuu wangu akaupitishia wino mwekundu:
"Mwanamkasi, hili ni tangazo, si ungamo."

Basi likatoka hivi: Madaktari kumi na mmoja wanatakiwa,
hospitali za umma, Jomvu, Mtongwe, Mikindani, Kisauni,
na mbili nyingine ambazo bado zanuka rangi.
Mshahara kwa mujibu wa daraja.
Mwisho wa maombi Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Halikusema vitanda vya Mtongwe
vingali vimevishwa nailoni
kama makochi ya nyumba ya bibi harusi
yanayongoja wageni wa heshima.
Halikusema Sista Mbeyu
amejifunza mwenyewe kusoma eksirei:
huiinua dirishani, jua la saa nne likapita mbavuni mwa mtu,
akaufuata mwanga kwa kidole, polepole,
kama mtoto wa chuoni na herufi zake.

Nilipiga simu arubaini na mbili.
Ya nne iliita Dablini. Mvua niliisikia.
Daktari akacheka kwa upole:
"Dada, umechelewa miaka mitatu."
Ya tisa alipokea mke.
"Mshahara wake wa Machi mlimlipa lini?"
Nikatazama kalenda. Nikasema mtandao unakatika.
Ahadi ni deni, ndivyo tulivyofunzwa,
na ofisi yetu imekopa mtaa mzima.
Wa kumi na saba alitaka nyumba yenye maji matamu.
Bwana, nikamwambia, hata mimi nayataka.

Ya ishirini na sita: Daktari Nyambu Mwakio, wa Wundanyi,
sauti ya mtu aliyesahau kulala.
Hakuuliza mshahara.
"Usiku," akasema, "nimeshika kisu,
taa zimezimika. Nani atakuwa nami?"

Jibu nilikuwa nalo, limechapishwa,
sentensi tatu za jenereta ya kisasa.
Nikaigeuza karatasi, uso chini.
Nikamwambia jenereta ipo, mafuta yake huandikiwa barua.
Nikamwambia habari za dada yangu Riziki,
aliyevuka Likoni saa nane za usiku, uchungu umemkaza,
kwa kuwa ng'ambo yetu hapakuwa na mkono wa kumpasua.
Nusu saa tuliingoja feri.
Mtoto yu hai. Riziki yu hai.
Lakini mpaka leo, honi ya feri ikilia,
hunyamaza katikati ya neno.

"Usiku utakuwa na Mbeyu," nikamaliza.
"Tochi ataishika kwa meno ikibidi."

Kimya.
Nikajua nimemkosa,
na safari hii wino mwekundu utapita juu yangu.

"Tochi yake ni ya betri gani?"
"Sijui. Nitamuuliza."
"Muulize. Nije nazo."

Hajafika bado. Jumatatu, amesema, basi la asubuhi.
Leo nimevuka kwenda Mtongwe na mkasi mkobani,
nikachana nailoni ya kitanda kimoja,
kile cha dirishani. Kikatoa pumzi.
Jina lake nimeliandika kwenye utepe wa kufungia vidonda,
nikaubandika mlangoni.
Si kibao; kibao chataka saini tatu,
na utepe, mtu akighairi,
hubanduka bila kelele.

Sista Mbeyu akausoma, mikono kiunoni,
akaulaza pembe kwa ukucha.
"Umekosea. Daktari umemwandika kwa herufi ndogo."
Nikaubandua, nikaandika upya.

Ofisini, kwenye jedwali,
nimefuta kumi na moja.
Kumi sijaiandika.
Nimeshika simu ya arubaini na tatu,
yaita, yaita,
na karatasi ya majibu
siioni tena ilipo.