Karani wa Ubao

Kabla ya skrini kulikuwa na ubao,
na mbele ya ubao nilikuwa mimi,
Nkondo, mwana wa Bi Saumu wa Keko,
kalamu sikioni kama seremala.
Ghorofa ya pili, Samora,
chumba chenye feni moja yenye kigugumizi,
madalali sita, viti kumi na vinne,
na kampuni mbili. Mbili tu:
moja ya saruji, moja ya magunia.

Jumanne nilifuta bei ya Alhamisi
nikaandika bei ileile.
Alhamisi nikafuta ya Jumanne
nikaandika ileile.
Mke wangu akaniuliza:
"Kwani wewe unalipwa kwa kufuta?"

Watu walipanda ngazi, wakachungulia.
"Soko gani hili halina kelele, halina nzi,
halina mizani, na bidhaa yenyewe haionekani?"
Tukawapa vipeperushi.
Wakaenda kufungia karanga.

Ndipo akaja Sikudhani Mbwego,
muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo,
jasho la Kariakoo bado li shingoni,
hela kwenye pindo la kanga, fundo limekaza.
Dalali alikuwa amekwenda kunywa chai. Akanikuta mimi.

"Hebu nieleze. Kwenye upatu, kijumbe najua anapolala.
Zamu yangu ikirukwa, nagonga mlango,
namwamsha yeye na mumewe.
Huku nikidhulumiwa, nagonga kwa nani?"

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na kalamu.
Nikamwambia kuna kitabu, hutoka kila mwaka,
wameapa kuandika humo kila senti.
"Kiapo cha mwenye duka," akasema, "nakijua."
Lakini lile fundo akalifungua, kwa meno.
Hisa mia mbili za saruji.
Cheti akakipokea kama anavyopokea jora:
akakiinua kwenye mwanga,
akakikunja pembe,
akakinusa.

Miaka mitatu gawio lilikuja
kiasi cha nauli ya kulifuata.
Wenzake sokoni wakacheka: "Sikudhani kanunua karatasi!"
Yeye usiku alikesha na kitabu,
mwanawe wa kidato cha tatu akimtafsiria kwa koroboi,
maana kilikuwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho,
na deni hilo la Kiswahili
halikuorodheshwa popote kwenye madeni.

Mkutano mkuu. Ukumbi wa hoteli, kiyoyozi cha kutia mafua,
soda, kofia ya bure, sambusa mbili kwa kila kichwa.
Mwenyekiti akauliza, "Kuna jingine?"
huku keshakunja miwani yake.
Mkono ukanyanyuka, safu ya nyuma.

"Ukurasa wa arobaini na mbili. Magari manane.
Mimi kiwandani nimekwenda, nimekaa getini
tangu adhuhuri mpaka wanafunga.
Nimehesabu matano.
Haya matatu yanalala kwa nani?"

Sambusa zikasimama njiani.
Mwenye hisa milioni aligeuza kiti
amtazame mwenye mia mbili.
Mhasibu akafunua kurasa, akafunua, akarudi nyuma,
na mwenyekiti ikabidi avae miwani tena.

Alhamisi ile nilisimama ubaoni, nikafuta.
Bei haijapanda. Haijashuka.
Nikaandika tarakimu zilezile nilizoziandika hadi usingizini,
ila mkono ulinitetemeka, kalamu ikalia kwiii,
dalali mmoja akaniuliza, "Vipi, homa?"

Sasa vijana wananunua kwa simu wakingoja chipsi.
Kampuni zimekuwa nyingi, majina mengine yananishinda,
namba zinapita kijani, zinapita nyekundu,
wala hakuna anayezifuta kwa kitambaa.
Juzi wameniita, mstaafu, niigonge kengele.
Nikaigonga. Nzito kweli.
Wakataja tarehe ya kuzaliwa kwa soko,
nikapiga makofi na wenzangu,
moyoni nikihesabu yangu,
ile ya sambusa.

Na yale magari?
Mawili yalirudi.
La tatu bado tunaliulizia.