Taa ya Manjano

Imewaka tena, kabla sijafika hata darajani,
kijitaa cha injini,
manjano kama jicho la mgonjwa wa ini.

Jumatatu Rasmus alichomeka kidude chake chini ya usukani,
akasoma namba, akakuna kidevu:
sensa ya oksijeni. Dola tisini.
Ikazimika siku tatu.
Ijumaa akasema ni kifuniko cha tangi, hakibani.
Nikanunua kipya, nikakikaza mpaka kikalia tiki tiki tiki.
Ikarudi na theluji ya kwanza,
kama mdai anayejua saa ya chakula cha jioni.

Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga wamesema.
Wahenga hawakulima ngano Montana,
ambako mawingu hupita kiangazi kizima
yakitutazama tu.

Nikabandika utepe mweusi.
Mwanga ukapenya pembeni, mwembamba,
kama chini ya mlango wa mtu asiyelala.

Pikapu hii ilikuwa ya kaka yangu Gunder.
Aliponipa ufunguo, nyasi za ng'ombe zingali sakafuni,
alisema, "Huwaka tu hiyo. Usiijali."
Hata kikohozi chake alikisemea hivyo hivyo.

Leo alfajiri, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nimezungusha ufunguo: giza.
Nimebandua utepe. Giza.

Basi nimekaa, glavu juu ya usukani,
naisikiliza injini kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili,
pistoni moja moja,
kama ninavyosikiliza simu ikiita kwa Gunder,
ikiita,
jikoni kwake, ambako taa zote nazijua.