Vibandiko

Sufuria ni moja. Naanza na hilo
usije ukaniita mwongo baadaye.
Ya shaba, pana kama kitanda cha mtoto,
kiwandani kwa Massoud Nassor, hapa Wete,
nyuma ya banda la mbao.
Sukari moja, wanga mmoja, samli moja,
na mkorogaji mmoja, Kombo Faki,
ambaye mkono wake wa kulia
umenenepa ukauacha wa kushoto.

Kazi yangu huanza halua ikishapoa.
Kigoda, gundi, mkasi,
na mafungu matatu ya karatasi:
Tausi, ya kijani, inakwenda Chake;
Nyota ya Alfajiri, nyekundu, inapanda meli;
na ya tatu, buluu iliyopauka,
yenye mwandiko ulioinama kidogo kushoto:
Halua ya Hamad Shehe.

Hamad Shehe ni baba yangu.
Huu ni mwaka wa sita tangu tumzike.

Wanasema kizuri chajiuza.
Mbona basi vidole vyangu havibanduki gundi?

Nilimuuliza Massoud, siku ya mvua, hakuna wateja.
Akaweka kikombe chini.
“Mwenye duka hataki jirani yake
auze anachouza yeye.
Nikiwapa jina moja watashushiana bei
mpaka hasara inirudie mimi.
Nikiwapa mawili,
kila mmoja anaapa ya mwenziwe ni uji.”

Na la baba?

Mvua ikapiga bati. Akangoja ipungue.
“Jina la babako nililinunua kwa kakako,
pamoja na miiko miwili na deni la sukari.
Nia yangu ilikuwa kulizika.
Nikadhani watu wake watakuja kwangu,
waende wapi?
Hawakuja. Harusi tatu Limbani
wageni wakapewa biskuti.
Biskuti, mwanangu!
Mwezi wa pili nikamwita mchapaji.”

Tofauti ipo, usidhani haipo.
Kombo akishapakua ya Tausi na ya Nyota,
hukwangua kungumanga juu ya iliyobaki,
kiasi cha ukucha, akakoroga mara saba.
Ndiyo siri ya Hamad, Massoud anaamini;
alikaa miaka ishirini upande wa pili wa barabara
akiivuta kwa pua.

Baba hakutia kungumanga hata siku moja.
Aliiacha sukari ifike ukingoni mwa kuungua,
akaiokoa.
Harufu ile ilikuwa ya mama, akichemsha dawa ya kifua
chumba cha pili.
Sijamwambia Massoud. Hakuniuliza.

Bi Chumu Khatib haoni tena, analetwa na mjukuu.
Siku moja mjukuu kashika Tausi, ya jana ile ile.
Bibi akanusa, akasukuma: “Ya kina Massoud hiyo.”
Nikampa ya buluu.
Akamega, akafumba macho yasiyoona,
akasema, “Hamad, Mungu akurehemu.”
Nikaitikia amin, na nilimaanisha,
ingawa kungumanga Kombo alikuwa ameisahau
tangu Jumatatu.

Niseme nini? Ni uongo?
Mimi ndiye ninayeubandika,
nao mwandiko ni wake kweli,
ulitolewa kwenye daftari lake la madeni.
Kila siku naandikwa upya binti Hamad
mara mia na ishirini,
na siku za kuamkia Idi, mara mia tano.

Mshahara Massoud hulipa kwa wakati. Hilo nalo nilitaje.

Jioni humpelekea mama vipande vilivyovunjika,
nimevifunga karatasi yoyote iliyokuwa karibu.
Ya buluu haigusi.
Huiweka kwenye kabati la vikombe,
mpaka siafu wajichukulie.
Ya Tausi hula, tena hulamba kidole.
“Hii haijamsingizia mtu,” anasema,
“mimina kahawa.”