Kilo Moja

Jumapili nilifundisha mimi,
katekista Damasi Chilumba, shati limepigwa pasi ya mkaa.
Nikawaeleza kanisa la kwanza lilivyokuwa:
watu wasio na jengo, wasio na kengele,
waliomwombea Kaisari kila asubuhi
na kodi yake wakalipa mpaka senti ya mwisho.
Na siku alipotaka wachome ubani mbele ya sanamu yake,
chembe mbili tu, harufu hata haifiki mlangoni,
wakasema: Hapana, mzee. Hilo halimo.

Watu walicheka niliposema "mzee".
Nilifurahi walivyocheka.

Jumatatu magunia yakaanza kuingia ghalani.
Msimu huu salfa iliwahi, mikorosho ikajibu,
kutoka kwetu mpaka njia panda ya Kitangari
hewa yote mabibo yaliyochacha.
Mimi hubeba pia. Ukatekista haulipi ada.
Kwenye mizani alikaa Evodia Nang'unda,
mjane, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele,
mtu anayedai risiti hata ya chumvi.

Mwenyekiti alikuja na sauti ya chini.
Kila gunia, punguza kilo moja.
Korosho hunyauka njiani, akasema,
na gari la wakubwa halinywi maji.
Kisha akanigeukia, anatabasamu:
Katekista, si mamlaka hutoka kwa Mungu? Mwambie dada yako.

Nikatazama nyuzi za katani.
Nikasema, "Ni kweli, dada. Hutoka kwa Mungu."

Evodia akasoma mshale: themanini na moja.
Akaandika themanini na moja,
na kwa maneno pia, tarakimu isije ikapata mgeni usiku.
"Ushuru nimelipa," akasema.
"Zamu ya kufagia zahanati nimefagia.
Kura nimepiga, foleni nimeipanga kwa mgongo huu.
Ukiita kikao saa mbili, saa mbili kasorobo nipo.
Utii wangu huo hapo, Mwenyekiti, upime.
Ila mshale ukisema themanini na moja
nami nikaandika themanini,
hiyo kilo nitakuwa nimemchomea nani?"

Hakupaza sauti.
Alifunga daftari, akamkabidhi kwa mikono miwili
kama anayempa mkubwa maji ya kunawa,
akavuka uwanja, akamsalimu mgambo,
akamuuliza kama mtoto amepona surua.

Kijana mwingine akaitwa, akakaa.
Mpaka jioni nilipandisha, nikashusha,
na gunia la mama yangu lilikuwemo,
lile lenye fundo la uzi wa buluu.
Niliuona mshale.
Niliiona kalamu.

Nilifundisha juu ya waliochapwa barazani
wakatoka wakichekelea.
Nikamruka yule kijana aliyekaa pembeni
akiwalindia nguo waliokuwa wakirusha mawe.
Na ndiye huyo huyo, miaka baadaye,
aliyeandika lile neno la mamlaka,
viganja vyake vikijua tayari baridi ya pingu.
Aliliandika kwa bei hiyo.
Mimi nililitoa bure, mbele ya mizani.

Jana usiku Evodia alibisha hodi.
Hakuja kugombana; alikuja na kibaba cha karanga.
Anakwenda Newala, ofisi ya ushirika,
na stakabadhi saba, na barua iliyonyooka:
"Kwa heshima na taadhima, naomba kueleza..."
Chini kuna mstari wa shahidi.
"Sikulazimishi," akasema. "Nimekuachia nafasi tu."

Gari hupita saa kumi na moja alfajiri.
Mwenyekiti ndiye mdhamini wa mkopo wangu wa bati.
Mke wangu amelala, au anajifanya.
Nimelitandaza shati juu ya meza,
na leo si Jumapili,
na pasi bado ina makaa.