Mataruma Arobaini

Tulipohamia Isevya, nyumba ya nyuma ya reli,
honi ya saa nane usiku ilinirusha kitandani.
Kalunde alinishika mkono: "Treni tu hiyo, lala."
Ukapita mwezi. Asubuhi moja jirani akaniuliza
kama treni ya jana ilichelewa.
Nikakosa jibu. Sikuisikia.

Hilo nilimsimulia Bi Nyanzala wa chumba cha mazoezi,
yule anayegusa mgongo wa mgonjwa
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Akacheka, akaweka kalamu chini.
"Basi nusu ya dawa unayo," akasema.
"Nusu iliyobaki ni kurudia, mpaka unichoke."

Miaka kumi na mmoja.
Robota la tumbaku liliteleza begani kwa Mlekwa
likaja na kilo zake zote kiunoni kwangu.
Nyama ilishapona, pingili zilishakaa,
eksirei mbili zinasema hivyo kwa lugha yao nyeusi na nyeupe.
Lakini mlinzi niliyempa zamu siku ile
hajaambiwa kwamba mwizi ameondoka.
Paka akipita, anapiga filimbi.
Upepo ukigusa bati, anapiga filimbi.
Nikiinama kufunga kamba ya kiatu,
mtaa mzima unaamka.

Nimelipa, sitaki kuficha.
Nimelipia mizizi iliyoniharisha siku tatu,
nimelipia sindano za mtu wa begi jeusi pale stendi;
hakunitajia jina la dawa, nami sikuuliza,
maana mwenye maumivu hana ubishi.
Nimemeza vidonge vya njano hadi tumbo likatoa damu.
Mwaka jana mpwa wangu akaleta habari ya kupasuliwa:
tuuze ng'ombe wawili, tuuze na kiwanja cha Ipuli.
Begi nilishalifunga.
Bi Nyanzala hakunikataza. Alinipa karatasi
niandike maswali ya kwenda nayo kwa daktari.
Kitakatwa nini?
Wangapi walioumia kama mimi waliamka na nafuu?
Nisipokatwa, itakuwaje?
La nne nililitunga mwenyewe: wewe ungempasua baba yako?
Daktari akatazama picha, kisha akatazama dirisha.
Ng'ombe wapo. Mmoja ana ndama.

Kimebaki kidonge kimoja cha jioni, kidogo,
na daftari, na reli.

Kila alfajiri nahesabu mataruma, nikitembea kandokando ya njia,
arobaini kwenda, arobaini kurudi.
Siku mgongo ni mwema, miguu inataka mia:
arobaini.
Siku mgongo unanguruma, kitanda kinaniita kwa jina la utotoni:
arobaini.
Hili ni gumu kuliko maumivu yenyewe,
kutoifuja siku njema.

Kabla ya kuinua ndoo nafumba macho,
naiinua kwanza akilini, mara tano, polepole.
Maji hayamwagiki. Mlinzi hashtuki.
Kalunde alidhani nasali.
"Unamwomba nani, ndoo?"
Nikamwambia kuna mtu namfundisha kazi upya.
Akanitazama sana. Siku hizi hunisubiri nimalize,
hata chai ikipoa.

Sijapona. Nisikudanganye wewe unayesoma.
Machi, mvua ilipokazana, nililia chooni nimeshika ukuta,
na kurasa za mwezi ule nilizichora mistari tu,
sikuwa na maneno.
Lakini jana nilikuwa nabambua karanga uani,
nikainua kichwa, jua limehama toka kizingitini
hadi kwenye banda la kuku,
na muda wote huo
sikumkumbuka hata mara moja.

Usiku honi ikalia.
Niliisikia.
Nikageuka, nikalalia ubavu wa kushoto,
ule nilioususia miaka kumi na mmoja.