Ubavu wa Ziwani

Nilianza na mgongo.
Watu wa pwani, nasikia, wana neno lao, mkuku;
mimi wa Kadutu nikasema mgongo:
kipande cha grevilea, urefu wake
kiwiko hadi ncha ya kidole,
nilichokitoa kwenye mguu wa kitanda
alimozaliwa Murhula, kitinda mimba wetu.
Mama Nsimire hakusema kitu.
Alipanga matofali pale mguu ulipokuwa,
akalala.

Halafu mbavu, ishirini na moja.
Kwanza kwa katoni ya sabuni, nikachora, nikakata,
ya saba nikaikosea, nikaikosea tena,
tupa ikikwaruza usiku, umeme umekatika,
simu ya mjukuu nimeiuma kwa meno
taa yake imulike vidole.

Ubao mwembamba haupindi kwa maneno.
Niliziweka mbao juu ya sufuria ya maharage,
mvuke ukazilegeza
kama habari mbaya inavyolegeza magoti,
nikazivuta, nikazifunga kwa kamba za chandarua,
na wiki nzima chakula chetu
kilikuwa na ladha ya karakana.

Mimi si seremala.
Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye kidirisha cha gati
nikikata tiketi za Goma,
nikiandika majina daftarini, wa kwanza, wa mia,
na kuwaacha wale walioninong'oneza,
Mzee, mimi usiniandike, nashuka hapa tu, Idjwi.
Meli yetu iliitwa Asifiwe ya Pili.
Ya kwanza hakuna aliyewahi kuiona.

Naijua.
Ubavu wa kushoto niliutengeneza macho yamefumba:
pale rangi ilipobanduka, pale kamba zilipokula mbao,
mstari wa kijani uliopanda kidogo kuelekea mbele
kama nyusi ya mtu asiyeamini.
Ubavu wa kulia nikaunakili kutoka wa kushoto,
kioo cha kunyolea mkononi,
msasa mpaka shavu likateleza.

Akapita M'Cibalonza, muuza sambaza,
beseni kichwani, akasimama mlangoni,
akaishika, akaigeuza.
— Huku umedanganya.
— Wapi?
— Huku kwa ziwa. Huku kulikuwa na kiraka,
ubao mweusi, na misumari ya mabati.
Sisi wa mitumbwi tulikuwa tunakiona kila asubuhi.

Miaka kumi na tisa.
Sikujiuliza hata mara moja
kwa nini nahodha aliizungusha kila siku, mvua, jua,
aje kufunga kamba kwa ubavu uleule,
kama mtu anayekusalimia
mkono mmoja uko mfukoni.

Siku tatu sikuigusa.
Ya nne nikatia kisu
kwenye ule ubavu laini, nikatoboa,
nikatafuta ubao wa redio iliyokufa,
misumari ya fundi viatu,
nikapigilia vibaya, kwa haraka,
jinsi ninavyodhani walipigilia wao,
usiku, abiria wakisubiri, na mimi
dirishani nikiandika.

Daftari bado lipo, chini ya godoro,
upande wa matofali.

Jumapili tukaitia kwenye beseni la kufulia.
Ansima alihesabu hadi hamsini,
na kabla ya hamsini ikaanza kulala upande.
Maji yaliingia kushoto, penye ubavu wa tatu,
kwenye kiungo nilichokisugua kuliko vyote,
kile nilichowaonyesha wageni.
Ansima akapenyeza kidole ndani, upande wa pili,
akapapasa kiraka.
— Huku kukavu, Koko.

Nikasema, leta kitambaa.
Na Mama Nsimire, mikono ina unga,
akauliza kutoka jikoni kama sasa, hatimaye,
kitanda kinaweza kurudishiwa mguu wake.