Mvuta Sauti

Mimi si mwimbaji. Niandikeni hivyo.
Miaka thelathini na mmoja nimekuwa mvuta sauti:
Velta hutupa neno, Biruta hulidaka akalirudisha,
nasi wengine, midomo wazi kama makinda kiotani,
tunashika irabu moja, eee,
tunaitandika chini ya wimbo kama mkeka chini ya mgeni
mpaka pumzi iishe,
na wa pembeni aipokee kabla haijaanguka.

Neno lenyewe sikulisema hata siku moja.
Neno lilikuwa la Velta.

Velta tulimzika Novemba, kabla ardhi haijagoma.
Sasa ni Desemba, usiku mrefu kuliko wote.
Jua limechomoza saa tatu asubuhi, shingo upande,
na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuaga
kama shangazi aliyekuja kutoa pole akakataa chai.
Kwetu Latvia jua ni mwanamke. Twasema amechoka,
farasi wake wanateleza kwenye barafu,
na asipoimbiwa hageuki.

Basi tukatoka.
Ilgvars alikuwa amekata mwaloni,
gogo la kimo cha mtoto wa miaka saba.
Tukalifunga kamba ya buluu, ile ya marobota ya nyasi,
na kila mmoja akalibebesha lake.
Ndiyo desturi: gogo huvutwa nyumba hata nyumba,
likizoa mikosi ya mwaka,
halafu moto.
Biruta alilishika, akataja goti.
Mtoto wa Ilgvars, ndani ya kinyago cha korongo,
mdomo wake shoka lililoviringishwa gunia,
hakutaja kitu, aliliegemea tu.
Mimi nikalibebesha deni la umeme
na kaka yangu,
ambaye hatujasemezana tangu lile trekta liuzwe.

Nyumba ya kwanza tulipita kimyakimya.
Ya pili Biruta alianza, akaanza juu mno,
sauti ikapasuka kama bilauri iliyotiwa maji ya moto.
Tukacheka. Tukapewa njegere za kijivu na nyama ya nguruwe,
tukala tumesimama.
Aliyeimba usiku ule, mpaka hapo, ni mbwa.

Kisha nyumba ya Velta.
Hakuna aliyesema tuingie, wala aliyesema tupite.
Gogo lilikwama langoni lenyewe, kamba ikakaza.
Dirisha giza. Uani, kwenye kamba ya nguo,
aproni moja iliyosahauliwa, ngumu kama ubao.

Tukasubiri neno.
Mazoea hayana akili:
mguu gizani hutafuta kidato kisichokuwepo.

Nikasikia eee.
Nikageuka kumtazama nani.
Kilikuwa kifua changu.

Juu yake hapakuwa na wimbo. Mkeka, mgeni hayupo.
Biruta akaingia, mara hii chini, mahali pake.
Akaingia Ilgvars, ambaye siku zote huvuta kamba tu.
Korongo naye, kwa sauti inayobaleghe,
ikitoka na kurudi.
Ikawa eee moja, nene,
imesimama uani kama mvuke wa ng'ombe zizini,
na katikati yake pengo
la upana wa mwanamke mmoja mfupi mwenye koti la sufu.
Hatukuliziba.

Gogo lilikataa kuwaka. Mwaloni mbichi hauungui, hulia:
ulifoka, ukatoa povu, ukashika irabu yake
hadi Ilgvars alipoumwagia dizeli, akaomba radhi, sijui kwa nani.
Wazee husema kesho yake mchana hurefuka
kwa hatua moja ya jogoo.
Sikuipima. Nililala.

Januari ankara ya umeme ilikuja vilevile.
Kaka hakuja.
Ila jioni moja simu iliita, nikapokea,
na upande wa pili pumzi, pumzi tu,
ya mtu aliyesimama mahali penye baridi.
Hakusema neno.
Nami si mtu wa neno.
Nikaipokea kabla haijaanguka.